Kutoka ushambuliaji hadi ulinzi: mwongozo kwa kocha msaidizi anayebadilishiwa jukumu

Katika vilabu vingi vya Lubumbashi, kuanzia vile vinavyocheza mashindano ya mjini chini ya EUFLU, chama cha soka cha mji, hadi vile vilivyofika Linafoot, ligi kuu ya Kongo, benchi la ufundi ni dogo: kocha mkuu, wasaidizi wawili, kocha wa makipa, na mara nyingine mtu wa kushughulikia utimamu wa mwili. Msaidizi mmoja huachiwa safu ya ushambuliaji na mwingine safu ya ulinzi, mara nyingi kwa sababu tu ndivyo ilivyotokea siku walipopokelewa. Kisha mmoja anaondoka, au kocha mkuu mpya anafika na mtu wake, na yule aliyekuwa akiwanoa washambuliaji anaambiwa kwamba kuanzia wiki hii mabeki ni wake. Mwongozo huu unamhusu kocha huyo, na unamhusu pia mwenzake anayekwenda upande wa pili, ingawa nitaeleza huko mbele kwa nini naiona safari ya huyo wa pili kuwa ngumu zaidi.

Wasiwasi wa kwanza huwa ni wa wasifu: enzi zangu nilikuwa winga, mabeki watanisikiliza kwa lipi? Jibu lipo hapa hapa mjini. Mwaka 2015 TP Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuifunga USM Alger mabao 2-1 ugenini na 2-0 nyumbani, ikiongozwa na Patrice Carteron, ambaye alikuwa beki wa kulia alipokuwa mchezaji, huku mshambuliaji wake Mbwana Samatta akifunga mabao 7 katika mashindano hayo. Mwaka 2016 klabu hiyo hiyo ilitwaa Kombe la Shirikisho ikiwa na Hubert Velud, kipa wa zamani, na mwaka 2017 ikalitetea ikiwa na Pamphile Mihayo, kiungo aliyewahi kuichezea kwa miaka mingi. Nafasi tatu tofauti, makombe matatu mfululizo. Wachezaji hawadai kocha aliyecheza nafasi yao. Wanataka kocha anayeona kinachowasumbua wakati ule ule kinapowasumbua, na hilo ndilo jambo ambalo kocha anayehama hana budi kujifunza upya.

Hesabu ya makosa haifanani

Winga anayejaribu kumpita beki mara kumi, akafaulu mara mbili, na moja kati ya hizo mbili ikazaa bao, amefanya kazi yake vizuri, na kocha wake atampongeza hata kwa zile nane zilizopotea, kwa kuwa bila hizo nane zile mbili zisingepatikana. Beki wa kati anayefaulu mara tisa na kukosea mara moja huenda ameipotezea timu mechi nzima. Tofauti hii inaonekana ndogo ikisemwa, lakini imejificha katika kila tabia ya kocha: namna anavyosifu, namna anavyopuliza kipenga, idadi ya mazoezi mapya anayoleta kwa wiki, hata sura anayoonyesha pale mpira unapopotea.

Kocha aliyetoka kwa washambuliaji huja na zawadi ya ujasiri na mapenzi ya kubuni. Akiwapelekea mabeki tabia hizo bila kuzichuja, atawasifu kwa kuruka mbele na kunyakua pasi, nao watapenda kuruka, na katika mechi ya tatu au ya nne mshambuliaji mwerevu atawasubiri waruke ili apite nyuma yao. Kwa hiyo jambo la kwanza la kubadilisha ni kile unachokisifu. Kwa wiki za mwanzo msifu hadharani beki ambaye hakufanya lolote la kuonekana: aliyesogea mita tatu kwa wakati, mpinzani akaiona njia imefungwa, akarudisha mpira kwa kiungo wake. Wachezaji watashangaa kidogo. Endelea.

Jambo la pili ni marudio. Washambuliaji huchoka haraka na zoezi lile lile, na kocha wao huzoea kulibadilisha kabla hawajachoka. Safu ya ulinzi inahitaji zoezi lile lile kwa wiki nyingi, kwa sababu watu wanne lazima wafikie uamuzi mmoja bila kushauriana. Ubunifu wako uelekeze kwa washambuliaji utakaowapanga dhidi yao: leo waje kwa krosi, kesho kwa pasi za chini katikati, keshokutwa kwa mipira mirefu. Mabeki wao waendelee kufanya kitu kile kile.

Ondoa macho kwenye mpira

Macho ya kocha wa ushambuliaji hufuata mpira kwa sababu kazi yake iko hapo. Katika ulinzi, yule aliye karibu na mpira kwa kawaida anajua la kufanya. Matatizo hukomaa upande wa mbali, kwa beki wa pembeni aliyelala, au katika nafasi iliyoachwa kati ya viungo na mabeki. Kwa mechi chache za mwanzo, ukiruhusiwa, usikae benchi. Kaa nyuma ya lango lako, ikiwezekana mahali palipoinuka, na kila shambulizi la wapinzani linapoanza tazama vitu vitatu tu: umbali kati ya mabeki wawili wa kati, umbali kati yao na viungo walio mbele yao, na jinsi beki wa upande wa mbali alivyoupanga mwili wake. Akiwa ameukabili mpira kifua kizima, hamwoni mtu aliye nyuma ya bega lake. Akisimama kiubavu, mguu mmoja nyuma, anaona vyote viwili.

Simu inatosha kwa kurekodi, mradi iwe juu na nyuma ya lango badala ya pembeni mwa uwanja kama watu wanavyopenda. Kutoka pembeni utaona mstari wa mabeki kama umenyooka hata usiponyooka. Kutoka nyuma ya lango utaona pengo kati ya mtu na mtu. Katika viwanja vya udongo vya Katuba au Kenya, mitaa ya hapa mjini, ambako hakuna jukwaa, ukuta wa jirani au nyuma ya gari la mizigo hufaa. Huhitaji dakika zote tisini. Kata vipande vya mabao, vya mashuti yaliyotoka ndani ya eneo la penalti, na vya kila mara mpinzani alipopokea mpira akiwa amegeukia lango lako bila kuguswa. Vipande sita kwa wiki vinatosha kikao kizima, navyo vinapita kwa simu bila kumaliza vifurushi vya wachezaji.

Ujuzi wako wa zamani unaingia hapa

Usianze kana kwamba hujui kitu. Kwa miaka umewafundisha washambuliaji lini wakimbie nyuma ya mabeki: pale mwenye mpira anapoinua kichwa, hajabanwa, na mguu wake uko huru kupiga. Sekunde hiyo hiyo ndiyo ambayo mabeki wanapaswa kurudi nyuma. Kinyume chake, uliwaambia washambuliaji wasipoteze mbio zao pale mwenye mpira anapoinamisha kichwa, anapogeukia lango lake, au anapocheza pasi ya nyuma. Hizo ndizo nyakati ambazo mstari wa mabeki unapaswa kupanda. Kwa maneno mengine, alama za kupanda na kurudi unazijua tayari, ila ulizisoma kutoka upande wa pili. Ziandike katika karatasi moja, upande wa kushoto alama, upande wa kulia hatua ya mabeki, na hiyo iwe somo lako la wiki ya kwanza.

Mabeki wakumbushwe pia sheria yenyewe, maana wengi wanaijua nusu. Mchezaji hawezi kuotea akiwa katika nusu yake ya uwanja, mikono haihesabiwi, na hakuna kuotea katika mpira wa kurusha, kona, wala mpira wa golikiki. Hilo la kurusha husahaulika sana: mabeki wanapanda kwa pamoja, mpira unarushwa nyuma yao, wanainua mikono kumwomba mwamuzi, na mwamuzi yuko sahihi kuendelea na mchezo.

Zoezi la kujengea mstari lina historia nzuri. Arrigo Sacchi, aliyeifundisha AC Milan kuanzia 1987 na kutwaa nayo ubingwa wa Ulaya mwaka 1989 na 1990, alitaka kuwathibitishia nyota wake wa mbele kwamba watu watano waliopangika huwashinda kumi wasiopangika. Aliweka kipa na mabeki wanne dhidi ya wachezaji kumi, akawapa washambuliaji robo saa, na kila mara walipopokonywa mpira walipaswa kuanza tena kutoka nusu yao ya uwanja. Kwa simulizi yake mwenyewe, hawakufunga hata bao moja. Sacchi hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa, jambo ambalo naliongeza kwa ajili ya wale wenye wasiwasi wa wasifu.

Kwa timu ya kawaida anza kwa wepesi zaidi: kipa na mabeki wanne dhidi ya saba, nusu ya uwanja, dakika kumi. Mabeki wakinyakua mpira wapeleke pasi kwa mtu mmoja aliyesimama mstari wa kati, maana beki anayejifunza kubutua tu hajamaliza kazi. Simamisha zoezi pale tu mstari unapovunjika, kila mtu agande alipo, na mabeki wenyewe waseme nani alichelewa. Huku kusimamisha ni halali katika ulinzi, kwa sababu picha iliyoganda ndiyo somo lenyewe. Baada ya wiki mbili ongeza mshambuliaji wa nane na viungo wawili wa kusaidia nyuma, na dai kwamba kati ya beki wa mwisho na kiungo wa mbele yake isizidi mita kumi na mbili au kumi na tano.

Sauti, na heshima ya umri

Hapa ndipo mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya nchi nyingine usingekufaa sana. Safu ya ulinzi inaishi kwa amri fupi zinazotoka nyuma kwenda mbele: kipa anamwamuru beki, beki anamwamuru kiungo. Kwetu kipa anaweza kuwa kijana wa miaka kumi na minane, na mbele yake akawa amesimama beki wa miaka thelathini anayemwita yaya, yaani kaka mkubwa, ambaye nje ya uwanja hawezi hata kumkatiza maneno. Kijana huyo ataona mtu anakimbia mgongoni mwa mkubwa wake, naye atanyamaza, au atasema kwa sauti ya kuomba, na mpira utakuwa umeshafika. Kocha wa washambuliaji huenda hajawahi kulikuta tatizo hili, kwa kuwa mshambuliaji huita mpira kwa ajili yake mwenyewe na hiyo haihesabiki kuwa utovu wa adabu.

Dawa ni kuiondoa amri kwa mtu na kuiweka kwenye kazi. Kaa kwanza faraghani na wakubwa, bila vijana, uwaombe wao ndio watangaze mbele ya timu kwamba ndani ya mistari kipa anaamuru na hakuna atakayekasirika. Ikitoka kinywani mwako itasikika kama agizo. Ikitoka kwa yaya mwenyewe, kijana atapata ruhusa ya kweli. Kisha kubalianeni maneno machache, yasiyozidi matano, yenye silabi mbili au tatu: panda, rudi, mtu, acha, toka. Acheni kuyachanganya na ya Kifaransa katikati ya mechi, hata kama kila mmoja anaelewa lugha zote mbili, kwa sababu neno moja lenye majina mawili hupokelewa kwa kuchelewa. Katika mazoezi fanyeni dakika tano ambazo kipa ndiye pekee anayeruhusiwa kusema, halafu tano nyingine ambazo beki asiyetamka amri anaipa timu pinzani bao.

Sekunde tano ni za nani?

Mgogoro mkubwa kati ya wasaidizi wawili hutokea kwenye muda ambao timu imeupoteza mpira na bado haijajipanga. Aliyekuwa wa ushambuliaji anasema washambuliaji wabane pale pale. Wa ulinzi anasema warudi. Msipolimaliza kabla ya msimu, wachezaji watapokea maagizo mawili na watafanya nusu ya kila moja, ambayo ni mbaya kuliko lolote kati ya hayo. Pendekezo langu ni kwamba sekunde tano za kwanza baada ya kupoteza mpira ziwe za kocha wa ushambuliaji, azifundishe yeye na azijibie yeye. Zikipita bila mpira kurudi, timu inarudi katika umbo lake, na kuanzia hapo ni za kocha wa ulinzi. Kocha wa ulinzi awe pia na kauli juu ya jambo moja la wakati wa kushambulia: ni wachezaji wangapi na nani wanaobaki nyuma. Kwa kawaida ni mmoja zaidi ya washambuliaji ambao mpinzani amewaacha juu. Kocha aliyehama kutoka ushambuliaji ana faida hapa, kwa sababu anajua ni mchezaji yupi hatabaki nyuma hata akiahidi.

Mipira iliyokufa, yaani kona na mipira ya adhabu, ni daraja zuri la kuhamia. Umekuwa ukibuni kona za kufunga, kwa hiyo unajua kona zinavunjwa wapi. Chukua kona yako bora ya msimu uliopita na uwaulize mabeki wapya waizuie. Sina la ziada hapo.

Hali ya uwanja iingie katika hesabu mapema. Mstari unaokaa juu unawezekana kwenye nyasi bandia za uwanja wa Mazembe pale Kamalondo, ambako mpira unateleza kwa kasi ile ile mwaka mzima. Kwenye udongo, wakati wa kiangazi, mpira hudunda juu na kumpita beki aliyeukadiria, na masika, kuanzia Novemba hivi, madimbwi husimamisha pasi ya nyuma katikati ya safari na kuwa zawadi kwa mpinzani. Teremsha mstari kwa mita kadhaa, na kipa aambiwe waziwazi kwamba mpira wa nyuma uliosimama majini ni wake, wala asisubiri. Akumbuke tu kwamba mpira aliorudishiwa kwa mguu hauruhusiwi kushikwa kwa mikono, sheria iliyopo tangu 1992.

Anayetoka ulinzi kwenda ushambuliaji

Naiona safari hii kuwa ngumu kwa sababu kocha wa ulinzi amejifunza kukataza, na kukataza huzaa matokeo haraka. Mshambuliaji aliyekatazwa mara tatu haachi kosa tu, anaacha kujaribu. Kwa hiyo ugawe uwanja katika theluthi tatu, na uwatangazie wachezaji kwamba kupoteza mpira katika theluthi ya mwisho kwa sababu ya kujaribu kumpita mtu au kupiga pasi ya kufungulia lango hakuna lawama kabisa, huku kupoteza mpira ule ule katika theluthi ya kwanza kukiwa kosa. Kisha ulishike neno lako, hasa usoni, kwa maana wachezaji husoma uso wa kocha kabla ya kusikia maneno yake.

Kipenga kiwe mfukoni. Zoezi la kushambulia likisimamishwa kila dakika, wachezaji hawapati mwendo, na mwendo ndio wanaoutafuta. Acha shambulizi liishe, hata baya, sema sentensi moja, liendelee. Badala ya kuwapanga washambuliaji kwenye foleni wapige mashuti bila mtu wa kuwazuia, waweke katika eneo dogo lenye malango mawili, wanne kwa wanne, ili kila shuti lipigwe huku mtu akiwa begani. Ulichokileta kutoka ulinzi kitakusaidia zaidi kwenye pasi ya mwisho: unajua kwamba krosi ya mbali, ya juu, beki anaipenda kwa sababu anaiona ikija, lakini pasi ya chini inayorudishwa nyuma kutoka karibu na mstari wa goli inamlazimisha akimbilie lango lake huku mfungaji akiwa mgongoni mwake. Fundisha hiyo kwanza.

Muda, na siku ya mechi

Mabadiliko ya namna hii yafanywe kabla ya maandalizi ya msimu, au yaahirishwe. Mfano unaonifaa unatoka mbali, katika mpira wa Marekani, mchezo ambao ugawaji wa makocha wa ushambuliaji na wa ulinzi ni kamili. Mwaka 2011 timu ya Philadelphia Eagles ilimchukua Juan Castillo, aliyekuwa amefundisha safu yake ya mbele ya ushambuliaji kwa zaidi ya miaka kumi, ikamfanya mkuu wa ulinzi. Mwaka ule ule mgogoro kati ya wamiliki wa timu na wachezaji ulifunga milango ya mazoezi kuanzia Machi hadi Julai, hivyo akaanza kazi mpya bila miezi ambayo kocha hutumia kufundisha. Aliondolewa Oktoba 2012. Sisemi muda peke yake ndio uliomwangusha, ila kocha mkuu anayembadilishia mtu jukumu katikati ya msimu anamnyima kitu kile kile.

Siku ya mechi, sheria inaruhusu mtu mmoja tu kwa wakati kutoa maagizo ya kiufundi akiwa katika eneo la benchi. Wasaidizi wawili wasisimame kushindana na kocha mkuu. Kila mmoja aandike kwenye kidaftari, na wakati wa mapumziko ampe kocha mkuu jambo moja tu, lile linaloweza kurekebishwa kwa dakika arobaini na tano. Kocha mpya wa ulinzi ajizuie pia kutoa ushauri kuhusu washambuliaji wake wa zamani, hata akiulizwa na wao wenyewe. Awaelekeze kwa mwenzake. Washambuliaji watamjaribu kwa hili, kwa mapenzi tu, katika wiki za mwanzo.

Tathmini isifanywe kwa mabao ya kufungwa peke yake, kwa kuwa mechi mbili za bahati nzuri au mbaya hupotosha kila kitu. Hesabu mashuti ya wapinzani yaliyopigwa kutoka ndani ya eneo la penalti, mara ambazo mstari ulivunjwa kwa pasi moja, na kona ambazo mpinzani aligusa mpira wa kwanza. Kwa aliyekwenda ushambuliaji, hesabu mara ambazo timu iliingia eneo la penalti ikiwa na mpira miguuni. Baada ya mechi tano au sita wasaidizi wawili waketi pamoja na kocha mkuu, kila mmoja akiwa na daftari la mwenzake la msimu uliopita, na waamue kama sekunde zile tano zibaki zilipo au zibadilishiwe mwenyewe.